Mwizi Akishaondoka, Kufuli Linabaki

Fundi anapomaliza kusafisha kompyuta iliyovamiwa na virusi vya kudai fidia, mwenye kompyuta hufungua folda ya picha kwa matumaini na kukuta picha bado hazifunguki. Ugomvi huanzia hapo. Mteja anaona ametapeliwa. Fundi anaapa kwamba kirusi kimetoka, na antivairasi inamuunga mkono. Wote wawili wanasema kweli. Wamechanganya kazi mbili zisizofanana: kumtoa mwizi ndani ya nyumba, na kufungua kufuli alilolibana kabla hajatoka. Kazi ya kwanza fundi makini huiweza kwa saa chache. Ya pili mara nyingi haiwezekani kwa fundi yeyote duniani, na anayekuahidi kuifanya kabla hata hajauliza ni kirusi gani hastahili pesa yako.

Nimeona niichambue tofauti hiyo kwa urefu kwa sababu watu wanapoteza picha za marehemu wazazi wao, tasnifu na hesabu za biashara kwa kuharakisha kazi ya kwanza na kuiharibu ya pili.

Historia ya uhalifu huu inapita Nairobi. Desemba 1989 disketi zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kwa watu wa nchi nyingi, wakiwamo waliohudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani kuhusu UKIMWI. Disketi ilijitangaza kuwa ina programu ya kupima hatari ya mtu kuambukizwa. Baada ya kuisakinisha, kompyuta ilipofikisha kuwashwa mara 90 hivi, majina ya mafaili yalivurugwa na skrini ikadai dola 189 zipelekwe kwenye sanduku la posta nchini Panama. Aliyeshitakiwa ni Joseph Popp, mwanabiolojia wa Kimarekani aliyesomea Harvard na kuwahi kuwatafiti nyani wa Afrika Mashariki. Vituko vyake katika uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, akiwa safarini kutoka Nairobi, ndivyo vilivyoanza kuwatia polisi shaka. Mahakama ya Uingereza ilimwona hana afya ya akili ya kusimama kizimbani.

Kosa la Popp lilikuwa kwamba ufunguo wa kufungia ulikuwa uleule wa kufungulia, na aliuacha ndani ya programu yenyewe. Mtaalamu Jim Bates aliichambua disketi na kugawa bure programu za kurekebisha madhara. Laiti wahalifu wangebaki hapo. Mwaka 1996 watafiti Adam Young na Moti Yung walionyesha, kama onyo, namna kosa hilo linavyoweza kuzibwa, na kilichotokea miaka iliyofuata kilithibitisha onyo lao.

Chukua kufuli la kubana, lile ambalo kulifunga hakuhitaji ufunguo. Unalisukuma tu, linajifunga. Mhalifu anasambaza makufuli yaliyo wazi kwa maelfu ya watu, ufunguo anabaki nao. Programu yake ikiingia kwenye kompyuta yako hutengeneza ufunguo mdogo, wa kufanya kazi haraka, na kuutumia kufungia mafaili yako moja baada ya jingine. Kisha ule ufunguo mdogo nao unatiwa kwenye kisanduku na kubanwa kwa kufuli la mhalifu. Sasa unacho kila kinachohitajika, kimelala ndani ya mashine yako mwenyewe, na hukifikii.

Kufuli la aina hiyo kwa kawaida huwa ni lile liitwalo RSA, lenye namba ya biti 2,048, yaani tarakimu 617. Kulivunja ni kujua namba hiyo ilitokana na kuzidisha namba tasa zipi mbili. Mwaka 2020 kundi la watafiti lilifaulu kuitenganisha namba ya tarakimu 250, na hesabu yake ilikula muda unaolingana na miaka 2,700 ya kiini kimoja cha prosesa. Hiyo ni namba ya tarakimu 250, na kila tarakimu inayoongezeka huzidisha ugumu. Ndiyo maana antivairasi, hata iwe ya bei gani, inaweza kumfukuza mwizi na isiweze kabisa kufungua faili moja.

Lakini kabla ya kukata tamaa, mtu ajue kwanza ameshikwa na nini, maana si kila tangazo la kutisha linafanana. Kuna ukurasa wa kivinjari unaojitanua skrini nzima na kupiga kelele kwamba kompyuta imefungwa na polisi au ina virusi mia. Huo ni utapeli mtupu. Ukikifunga kivinjari kwa nguvu, utapeli wenyewe umekwisha. Kuna programu inayofunga skrini, kama ile iitwayo Reveton iliyovuma mwaka 2012 kwa kuvaa nembo za polisi wa kila nchi na kudai faini. Hiyo huzuia mtu kufika kwenye mafaili bila kuyagusa, na ukiiwasha kompyuta katika hali salama, ile ambayo Windows hujiwasha na vitu vya lazima tu, hutolewa na mafaili yakakutwa mazima. Tatu ni ile ninayoizungumzia hapa: majina ya mafaili yameongezwa mkia mgeni, hakuna kinachofunguka, na kila folda ina barua ya maandishi matupu inayotaja bei.

Kwa mwenye kompyuta ya nyumbani, jina la kulijua kuliko yote ni STOP, ambalo wengi huliita Djvu kwa sababu ya mkia uliotumiwa na aina zake za awali. Limekuwapo tangu 2018 na limeleta mamia ya mikia tofauti. Magazeti huandika kuhusu hospitali na mabomba ya mafuta kufungwa. Djvu halina habari na hao. Linamfuata mwanafunzi, mwenye stesheneri, mpiga picha wa harusi. Barua yake huitwa _readme.txt, na kwa miaka mingi bei yake imekuwa dola 980, ikipunguzwa hadi dola 490 kwa atakayewasiliana ndani ya saa 72. Punguzo hilo lina kazi moja, nayo ni kukunyima usiku wa kutafakari.

Namna linavyoingia inatuhusu sana. Halivunji mlango. Huletwa na programu zilizovunjwa leseni, zile kraki za kuamsha Windows na Office bila kulipa, za kuhariri picha na video, za michezo. Maelekezo ya kraki karibu yote huanza na sentensi moja: zima antivairasi kwanza. Mtu anazima mlinzi kwa mkono wake, anampa mgeni ruhusa ya msimamizi wa kompyuta, kisha anasubiri. Wakati mafaili yanafungwa, kirusi huonyesha dirisha la uongo linalosema Windows inajisasisha, ili kelele za diski na uzito wa mashine visimshtue. Na kabla ya kuanza, hukagua kompyuta iko nchi gani. Ikiwa Urusi, Belarus, Syria na nyingine chache, hujizima. Nchi zetu hazimo katika orodha ya wanaosamehewa.

Silaumu anayetumia kraki kana kwamba ni tamaa tu. Leseni ya programu ya kitaalamu inaweza kuzidi mshahara wa mwezi, na kompyuta nyingi hutoka dukani zikiwa zimeshapigwa window kwa njia hiyo bila mnunuzi kujua. Hata hivyo hesabu yake ni mbaya. Windows 10 na 11 hufanya kazi bila kuamshwa. Utaona tu maandishi pembeni mwa skrini na kunyimwa mapambo kama kubadili mandhari. LibreOffice inaandika barua na kupiga hesabu bila senti. Hayo yangetosheleza kazi nyingi zinazofanywa leo kwa kraki, na mlango ambao Djvu hupitia ungefungwa.

Sasa saa ya tukio yenyewe. Kata mtandao kabla ya kufanya lolote: zima Wi-Fi, chomoa waya, zima simu unayotumia kugawa intaneti. Chomoa diski ya nje na flashi zote, na usichomeke nyingine ukidhani unaokoa kilichobaki, kwani nazo zitafungwa. Kama unaona mafaili bado yanabadilika mbele ya macho yako, bonyeza kitufe cha kuzimia na ukishikilie, yasiyofikiwa yatapona. Kama barua ya madai imeshatokea na mambo yametulia, mimi ningeiacha mashine ikiwa imewaka, bila mtandao, hadi nijue ni kirusi gani. Sababu ilionekana Mei 2017, kirusi cha kudai fidia kiitwacho WannaCry kiliposhambulia. Watafiti wa Kifaransa waligundua kwamba katika baadhi ya matoleo ya zamani ya Windows, namba tasa zilizotumika kutengeneza ufunguo zilikuwa bado zimo kwenye kumbukumbu ya muda ya kompyuta, wakaandika programu ya kuzichomoa humo. Waliokuwa wameshazima na kuwasha mashine zao hawakunufaika, kwa kuwa kumbukumbu hiyo hufutika umeme ukikatika.

Kisha piga picha barua ya madai kwa simu. Usiifute, usibadilishe majina ya mafaili, usiondoe ule mkia mgeni kwa kudhani faili litarudi. Kupitia simu au kompyuta nyingine safi, nenda kwenye mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa Julai 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi, Kaspersky na Intel Security. Unapakia mafaili mawili yaliyofungwa pamoja na ile barua. Ukiwa na bahati unaambiwa jina la kirusi na kama kuna programu ya bure ya kufungulia. Chagua mafaili yasiyo na siri. Programu ya kufungulia uipakue hapo au kwa kampuni inayojulikana, usiichukue kokote kule. Juni 2020 ilionekana programu iliyojiita kifunguzi cha Djvu, na aliyeiendesha aligundua kwamba ni kirusi kingine, Zorab, kilichoyafunga upya mafaili yaliyokwisha kufungwa.

Kwa waathirika wa Djvu kuna jambo la kuangalia mapema. Kirusi hiki hujaribu kuwasiliana na seva ya wenyewe ili kipewe ufunguo wa mtu mmoja. Kikishindwa, hutumia ufunguo wa akiba ambao ni uleule kwa watu wengi, na kitambulisho kilichoandikwa ndani ya barua huishia na herufi t na namba 1. Baadhi ya funguo hizo za akiba hupatikana baada ya muda, na kampuni ya Emsisoft imekuwa na kifunguzi cha bure tangu Oktoba 2019. Kwa maneno mengine, aliyeendesha kraki akiwa ameishiwa bando anaweza kuokoka pale ambapo mwenye intaneti ya kasi amekwama.

Kabla ya kusafisha, nakili mafaili yaliyofungwa pamoja na barua kwenye diski tupu, na uiweke diski hiyo kabatini. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na inaniuma kila nikisikia fundi amefomati kila kitu. Faili lililofungwa leo linaweza kufunguka baada ya miaka miwili. CryptoLocker, iliyoanza Septemba 2013, ilivunjwa Juni 2014 na polisi wa nchi kadhaa, na Agosti mwaka huo kampuni za FireEye na Fox-IT zikaanza kuwarudishia watu funguo bila malipo. Mei 2016 waliokuwa nyuma ya TeslaCrypt walifunga kazi, wakatoa ufunguo mkuu na kuomba radhi. Aprili 2020 wenye Shade walimwaga funguo zaidi ya 750,000. Na Oktoba 2018 baba mmoja wa Syria alieleza hadharani kwamba GandCrab imezifunga picha za watoto wake waliouawa vitani. Wahalifu wakatoa funguo za waathirika wote wa Syria. Aliyekuwa amefuta mafaili yake kwa hasira hakuwa na cha kufungua.

Kusafisha kwenyewe hakuhitaji maelezo marefu. Windows ina ukaguzi wa Defender unaofanyika kabla mfumo haujawaka, na zipo antivairasi za kuwashia kutoka kwenye flashi. Djvu hujiwekea ratiba ya kujiamsha kila baada ya muda, hivyo ukirudisha picha kwenye mashine isiyosafishwa, nazo zitafungwa. Pia huharibu faili la mfumo linaloelekeza anwani za mtandao, ili usizifikie tovuti za msaada. Kwa hiyo ushauri wangu ni kupiga window upya kutoka kwenye flashi iliyotengenezwa kwa kompyuta safi, bila kraki safari hii. Na kuna jambo ambalo mafundi wengi hawamwambii mteja: Djvu mara nyingi huja na wenzake wanaoiba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Kabla hujaingia tena benki, barua pepe au mitandao ya kijamii, badilisha nywila zote ukitumia kifaa kingine, na uwashe uthibitisho wa hatua mbili. Fidia hudaiwa kwa kelele. Wizi wa nywila hufanyika kimya, na unaweza kugharimu zaidi.

Kama hakuna kifunguzi, bado zipo njia za pembeni. Nakala za kivuli ambazo Windows hujiwekea hufutwa na virusi vingi, ila si vyote hufaulu, basi zitazame. Kwenye diski ya zamani inayozunguka, programu ya bure ya PhotoRec inaweza kuibua mafaili asilia yaliyofutwa. Kwenye diski mpya za SSD matumaini ni madogo. Djvu hufunga takriban kilobaiti 150 za mwanzo tu za kila faili, kwa hiyo video ndefu au rekodi ya sauti inaweza kukarabatiwa, zikapotea sekunde chache tu. Halafu kumbuka mafaili yako umewahi kuyatuma wapi. Picha za harusi zimo kwenye kundi la WhatsApp la familia, hata kama zimepungua ubora. Sura ya tatu ya tasnifu imo kwenye barua pepe uliyomtumia msimamizi wako. Kadi ya kamera huenda bado ina picha zile, kama nyingine hazijaandikwa juu yake. Nimeona watu wakilia wiki nzima kwa kitu ambacho shangazi yao anacho kwenye simu. Kama mafaili yako yalikuwa yakijipandisha mtandaoni, usiogope ukikuta na huko yamefungwa: OneDrive na Google Drive huweka matoleo ya awali kwa muda, mara nyingi siku 30. Wahi.

Kulipa? Simkebehi anayewaza hivyo usiku wa manane. Ila katika utafiti wa kampuni ya Sophos wa mwaka 2021 uliohusu mashirika, ni asilimia 8 tu ya waliolipa waliorudishiwa data yote. Kampuni ya mafuta ya Colonial Pipeline ya Marekani ililipa wahalifu Bitcoin 75 mwaka huohuo, ikapewa kifunguzi kilichokuwa kizito mno, ikalazimika kurudi kwenye nakala zake yenyewe. Kama kampuni yenye wanasheria na wapatanishi haikupata ilicholipia, mtu mmoja mwenye barua pepe na dola 490 za kukopa ana dhamana gani? Hukumu yangu ni kutolipa. Tukio uliripoti polisi, na kwa kitengo cha taifa cha usalama wa mtandao: TZ-CERT iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kwa Tanzania, au KE-CIRT chini ya Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Sheria za makosa ya mtandao zipo, ya Tanzania ya 2015 na ya Kenya ya 2018. Ripoti yako haitafungua mafaili, lakini funguo za CryptoLocker zilipatikana kwa sababu polisi walikuwa na kesi mkononi.

Kilichobaki ni nakala, na hapa kuna kisa kilichotokea Ghana ambacho kila mwenye kompyuta anapaswa kukijua. Juni 27, 2017, programu iitwayo NotPetya ilianzia Ukraine na kuifikia kampuni ya meli ya Maersk. Ilidai fidia, ingawa haikuwa na njia yoyote ya kufungua ilichofunga. Maersk ilikuwa na seva zipatazo 150 zilizoshika ramani ya mtandao wake wote, na zilikuwa zikinakiliana. Ndio ulikuwa mpango wa usalama: moja ikifa, nyingine inayo nakala. Zilifutwa karibu zote kwa pamoja, kwa sababu zote zilikuwa zimeunganishwa. Iliyobaki ni moja, ya ofisi ya Ghana, ambako umeme ulikuwa umekatika kabla ya shambulio na seva ikawa haiko hewani. Mtandao wa Ghana ulikuwa mdogo mno kupitisha data hiyo hadi Uingereza, na hakuna mfanyakazi wa pale aliyekuwa na viza ya kwenda huko. Mmoja akapanda ndege na diski mpaka Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanjani, naye akaipeleka London. Kampuni ilisakinisha upya kompyuta 45,000 kwa siku kumi.

Kilichoiokoa seva ile ni kukatika umeme. Nakala iliyounganishwa muda wote hufa na kompyuta siku ileile, iwe ni diski ya nje inayokaa imechomekwa au flashi isiyotoka. Hapa kwetu, ambapo kupandisha gigabaiti mia mtandaoni kunamaliza bando la miezi, diski ya nje ndiyo njia yenye akili zaidi kwa picha na video, na hifadhi ya mtandaoni ibebe nyaraka ndogo zisizo na mbadala. Pamoja na hilo kuna kusasisha Windows: kiraka cha kuziba tundu lililotumiwa na WannaCry kilitolewa Machi 14, 2017, takriban miezi miwili kabla ya shambulio, na bado zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi 150 zilianguka. Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa huduma Oktoba 14, 2025.

Ikiwa nakala pekee ya picha za watoto wako imo kwenye kompyuta moja wakati unasoma haya, nakusihi ununue au uazime diski leo. Nakili, fungua mafaili matatu manne kuhakikisha yanafunguka, kisha ichomoe na uiweke mbali na kompyuta hiyo.